Saa Moja ya Ujane

Tarehe 15 Oktoba 1872, mjini St. Louis katika jimbo la Missouri, Virginia Minor alikwenda kujiandikisha kupiga kura. Msajili, Reese Happersett, alimkatalia kwa sababu moja tu: ni mwanamke. Virginia hoja yake alikuwa nayo mkononi. Marekebisho ya 14 ya Katiba, yaliyoanza kutumika miaka minne nyuma, yalisema kila aliyezaliwa nchini ni raia, na kwamba jimbo lisitunge sheria ya kumpunguzia raia haki zake. Yeye kazaliwa nchini, basi apewe haki yake. Akaamua kwenda mahakamani, na huko akakutana na kizingiti cha pili. Kwa sheria ya Missouri, mke wa mtu hakuweza kufungua kesi peke yake. Bahati nzuri mumewe, Francis, alikuwa mwanasheria, tena wa kumuunga mkono. Jina lake likaingizwa kwenye hati ya madai pamoja na la mkewe. Mwanamke aliyetaka mahakama imtamke raia kamili ilimbidi kwanza asindikizwe na mume hadi mlangoni.

Tarehe 29 Machi 1875 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu, na majaji wote walikuwa kauli moja. Mwanamke ni raia, walisema, wala hilo halina ubishi; ila uraia haubebi kura. Mtunzi wa hadithi angebuni kisa cha namna hiyo, mhariri wake angemwambia ametia chumvi kupita kiasi.

Mzizi wa mambo ulikuwa sheria ya Kiingereza, ambayo Wamarekani waliendelea nayo hata baada ya kumkataa mfalme wa Uingereza. William Blackstone, ambaye vitabu vyake vya kati ya 1765 na 1769 vilifundishia vizazi vya mawakili wa Marekani, alieleza kwamba ndoa huwafanya mume na mke kuwa mtu mmoja mbele ya sheria. Mtu huyo mmoja alikuwa nani, hilo halikumsumbua yeyote. Mke akifanya kazi, ujira ni wa mume. Akija na ng'ombe au fedha kutoka kwao, ni za mume. Hawezi kufunga mkataba kwa jina lake, na ndoa ikivunjika, baba ndiye mwenye watoto. Aliyekuwa na nafuu ni mjane. Siku mume alipofukiwa, mwanamke alifufuka kisheria: akaweza kununua, kuuza, kushtaki na kushtakiwa, kama alivyoweza kabla hajaolewa. Njia fupi ya mke kujipata ilipita makaburini.

Karne ya 19 ilipokuwa inakwisha, mambo yalikuwa yamelegea kidogo. New York ilitunga sheria ya mali za wanawake walioolewa mwaka 1848, mwaka ule ule wa mkutano wa haki za wanawake wa Seneca Falls, na majimbo mengine yakafuata moja moja, kwa kusuasua. Lakini sheria ikifutwa kitabuni huwa haijafutika mezani na kitandani. Ndiyo maana nikiwasoma wanawake walioandika hadithi fupi Marekani katika miaka ya 1890, sikioni kinaya chao kuwa ni ufundi waliouongeza ili hadithi ipendeze. Kilikuwapo mahakamani muda mrefu. Wao wamekihamishia sebuleni, jikoni na chumbani.

Kate Chopin alikipeleka kwenye chumba cha ghorofani chenye dirisha wazi. Hadithi yake inayojulikana sasa kwa jina la "The Story of an Hour" ilitoka katika jarida la Vogue tarehe 6 Desemba 1894, ikiitwa "The Dream of an Hour". Ina maneno kama elfu moja tu. Bibi Mallard ana ugonjwa wa moyo. Habari za ajali ya treni zimefika, na jina la mumewe, Brently, limo kwenye orodha ya waliokufa. Dada yake, Josephine, anamfikishia habari kwa kuzungukazunguka, nusu maneno nusu ishara, ili moyo usishtuke. Bibi analia pale pale, kwa nguvu zake zote, kisha anapanda chumbani peke yake. Anakaa kwenye kiti kinachotazama dirisha. Nje miti imechipua, hewa ina harufu ya mvua iliyotoka kunyesha, mchuuzi ananadi bidhaa zake barabarani, mahali fulani kwa mbali mtu anaimba, shomoro wanapiga kelele kwenye paa. Halafu kitu kinamjia. Anakiogopa, anajaribu kukirudisha kilikotoka, hakirudi. Na midomo yake inaanza kunong'ona kwamba sasa yu huru.

Hadi hapo mwandishi amemwita Bibi Mallard, kwa jina la mume. Jina lake mwenyewe, Louise, tunalisikia kwa mara ya kwanza anapoitwa na dada yake aliyepiga magoti mlangoni, mdomo kwenye tundu la ufunguo, akimsihi afungue asije akajiumiza. Mwanamke amepata jina muda mfupi tu baada ya kuwa mjane. Jana alikuwa akisisimka kwa hofu akifikiri maisha yake huenda yakawa marefu. Leo anaomba yawe marefu. Anashuka ngazi amemshika dada yake kiunoni, na mtu anafungua mlango wa mbele kwa ufunguo. Bwana Mallard anaingia na vumbi lake la safari, begi mkononi na mwavuli. Hakuwa karibu na ajali. Hata habari za ajali hakuzisikia. Louise anaanguka. Madaktari wanafika na kutoa uamuzi wao: moyo umezidiwa na furaha.

Kila mtu ndani ya nyumba ile atauamini uamuzi huo hadi kufa kwake. Brently atazeeka akiamini kwamba mkewe alimpenda hata akafa kwa kumwona. Anayejua ukweli ni msomaji peke yake, na hana wa kumwambia. Kwangu mimi kinaya hiki kinachoma kuliko kile cha mlango kufunguliwa, ambacho mtu akishakisoma mara moja hakimshangazi tena. Neno la mwisho juu ya moyo wa mwanamke linatolewa na wenye vyeti, bila wasiwasi wowote, na wamekosea.

Kuna msomaji atakayeuliza bwana huyu amekosa nini. Hajakosa kitu, na Chopin amehakikisha tunalijua hilo. Anatueleza kwamba Brently hakuwahi kumtazama mkewe ila kwa upendo, na kwamba Louise atalia tena atakapoiona mikono yake imekunjwa kifuani. Anatueleza pia kwamba wanaume kwa wanawake hujidai wana haki ya kuyapinda matakwa ya wenzao, na nia njema hailipunguzi kosa hilo. Angemfanya Brently mlevi au mpiga mke, sote tungepata wa kumlaumu na kulala usingizi mnono. Akamwacha awe mume mwema, na kwa kufanya hivyo aliigusa sheria mahali penyewe, maana sheria ile nayo haikuuliza kama mume ni mwema au mbaya. Ilimkabidhi mke mzima mzima, mengine ikamwachia Mungu.

Chopin aliyajua haya kutoka nyumbani. Tarehe 1 Novemba 1855 daraja la mto Gasconade, huko Missouri, lilivunjika chini ya treni ya sherehe iliyokuwa ikiizindua reli ya Pacific. Baba yake, Thomas O'Flaherty, alikuwamo, akafa. Kate alikuwa na miaka mitano. Mama yake, ambaye hakuwa ametimiza miaka 30, hakuolewa tena, na msichana akakulia St. Louis katika nyumba iliyoendeshwa na wajane: mama, bibi, na mama wa bibi. Walipanga, walilipa, waliamua. Hapakuwa na mwanamume wa kuombwa ruhusa. Sisemi kwamba Louise ni mama yake Kate. Nasema tu kwamba mtoto wa nyumba ile hakuhitaji kufundishwa kwamba ujane una machozi na una funguo pia. Baadaye ikawa zamu yake. Oscar Chopin alifariki kwa malaria Louisiana mwaka 1882, akamwachia watoto sita na madeni makubwa. Kate aliendesha biashara ya marehemu, akadai wadaiwa, akalipa wadai, na mwaka 1884 akarudi kwa mama yake. Kuandika kulikuja baada ya hapo.

Louisiana, nikiiacha hadithi pembeni kidogo, ilikuwa na utaratibu wake uliotoka kwa Wafaransa na Wahispania. Mali ya ndoa ni ya wote wawili, ila mume ndiye mkuu na bwana wake. Kanuni hiyo ilidumu hata baada ya watu kutua mwezini. Mwaka 1974 mwanamke mmoja wa jimbo hilo alimfikisha mumewe kwenye vyombo vya sheria kwa tuhuma za jinai. Mume akaiweka rehani nyumba yao, nyumba ambayo nusu yake ni ya mke, bila mke kujua, ili kumlipa wakili wa kumtetea dhidi ya tuhuma za mke huyo huyo. Kisheria hakuwa na kosa. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuja kuibatilisha kanuni hiyo mwaka 1981.

Mary Wilkins Freeman ana kicheko ambacho Chopin hana. Hadithi yake "The Revolt of 'Mother'" ilitoka katika Harper's Bazar mwezi Septemba 1890. Tuko shambani New England, majira ya kuchipua, na wanaume wanachimba uwanjani. Sarah Penn anamuuliza mumewe, Adoniram, kinachochimbwa ni nini. Mzee anamtandika farasi wake na kuyameza maneno. Akiulizwa tena na tena anakiri: ni msingi wa banda jipya la mifugo. Na msingi wenyewe unachimbwa pale pale ambapo miaka 40 iliyopita, walipooana, aliahidi kumjengea mkewe nyumba.

Sarah anamwita jikoni na kumweleza shauri lake bila kupandisha sauti. Amuoneshe chumba: hakina zulia, karatasi za ukutani ni chafu na zinabanduka, na humo ndimo binti yao, Nanny, atakamofungia ndoa. Amuoneshe kijichumba alicholala miaka 40, alimozalia watoto, waliopo na waliokufa. Farasi wa Adoniram ana mahali pazuri kuliko hapo. Mzee anajibu kwamba hana la kusema, na anatoka zake. Sarah anaendelea kumwokea pai za nyama anazozipenda na kumshonea mashati. Freeman anatumia sentensi nyingi kwenye pai hizo, na ana haki: mke huyu hatavunja hata wajibu mmoja, ndiyo maana hakuna atakayepata pa kumkamata.

Wiki ya tatu ya Julai banda limekamilika na barua inafika: kuna farasi mzuri anauzwa Vermont. Adoniram anafunga safari. Sarah anaiona barua hiyo kuwa ishara ya Mungu, na kabla jua halijatua familia nzima imehamia bandani. Jiko la chuma limewekwa kwenye chumba cha lijamu na matandiko. Vizimba vya mifugo vimekuwa vyumba vya kulala, mashuka yametundikwa kama mapazia, na ule ukumbi mpana wa katikati ni sebule ambayo hata mchungaji hana. Mchungaji mwenyewe anakuja kumwonya; anaondoka amechanganyikiwa, kwa kuwa Sarah anamwambia amekwisha kulisali jambo hili na halimhusu mtu zaidi ya Mungu, yeye na mumewe. Jumamosi jioni Adoniram anarudi, anakuta nyumba imefungwa, na kule bandani amewekewa maharage ya kuoka na mkate, mlo wake wa kila Jumamosi. Anakula ameduwaa. Kisha anakaa kizingitini na kulia, na anaahidi kuweka kuta za ndani, madirisha na kila kitakachotakiwa.

Shamba ni la Adoniram, banda ni la Adoniram, na Sarah hajamchukulia hata msumari. Lakini tazama alichohitaji ili ashinde: mume asiwepo. Louise alimhitaji wake awe amefariki. Sarah alimhitaji wake awe Vermont akimkagua farasi meno. Hadithi moja ni msiba na nyingine ni kichekesho, na zote mbili zinapima uhuru wa mke kwa umbali wa mume.

Mwaka 1917, katika Saturday Evening Post, Freeman aliikana hadithi hii. Aliandika kwamba alisema uongo, kwamba hapakuwahi kuwa na mwanamke wa New England mwenye ujasiri wa namna hiyo, wala mwenye kuutaka. Simwamini. Wakati anaandika hayo alikuwa kwenye ndoa aliyoingia mwaka 1902, na mume, daktari Charles Freeman, alikuwa ameshikwa na pombe. Hatimaye alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Alipofariki mwaka 1923 wosia wake ulimwachia mkewe dola 1, na sehemu kubwa ya mali akapewa dereva wake. Freeman na dada za marehemu walikwenda mahakamani, wakashinda. Mwanamke aliyesema kwamba akina Sarah hawapo duniani aliishia kupigania cha kwake, na akakipata.

Charlotte Perkins Gilman nitampitia haraka, kwa kuwa "The Yellow Wallpaper", iliyotoka Januari 1892 katika New England Magazine, imefafanuliwa hadi imechoka. Mke asiye na jina anafungiwa mapumzikoni na mume ambaye pia ni daktari wake, katika chumba chenye nondo madirishani na kitanda kilichopigiliwa misumari sakafuni. Anakataliwa kuandika, naye anaandika kwa siri, hasa mume anapokuwa mjini kwa wagonjwa ambao yeye huwaona wana maradhi ya kweli. Umbali wa mume, tena. Gilman mwenyewe alitibiwa hivyo mwaka 1887 na Silas Weir Mitchell wa Philadelphia, aliyemrudisha nyumbani na agizo la kutogusa kalamu maisha yake yote.

Ninachopenda kukiweka kando ya hadithi hiyo ni kesi ya Elizabeth Packard wa Illinois. Sheria ya jimbo hilo ya mwaka 1851 ilimruhusu mume kumpeleka mkewe hospitali ya wagonjwa wa akili bila ushahidi uliotakiwa kwa watu wengine. Mumewe, mchungaji Theophilus Packard, hakupendezwa na maoni yake ya dini. Mwaka 1860 akampeleka Jacksonville, akakaa miaka mitatu. Mwezi Januari 1864 kesi ikasikilizwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama, nao wakahitaji dakika saba tu kumtamka kuwa ana akili timamu. Akarudi nyumbani na ushindi wake. Nyumba ilikuwa imepangishwa kwa watu wengine, vyombo vimeuzwa, fedha zake na nguo zake zimechukuliwa, na mume ameondoka na watoto kwenda Massachusetts. Hakuwa na la kumshtaki nalo: vitu ni vya mume, watoto ni wa mume. Sheria ilikuwa imemrudishia akili, basi.

Hapa lazima niwageukie waandishi hawa kwa jicho jingine. Karibu miaka miwili kabla ya Louise, Vogue ilichapisha hadithi ya Chopin ijulikanayo kama "Désirée's Baby". Armand Aubigny, mwenye shamba la pamba Louisiana, anamwona mtoto wake ana dalili za damu nyeusi na kumfukuza mke, ambaye hakuna ajuaye alikozaliwa. Désirée anamchukua mwanawe, anaingia naye kwenye matete ya kinamasi, harudi. Baadaye Armand anachoma vitu vyake, na kwenye mtoto wa meza anakuta barua ya zamani ya mama yake mwenyewe: damu aliyoikimbia ni ya kwao. Kinaya hakina ufa. Lakini nikiirudia hadithi najikuta namtafuta La Blanche, mtumwa anayetajwa kwa kupitapita, ambaye kibanda chake Armand huwa hakosi sababu ya kukifikia. Hana sauti hata ya neno moja. Msomaji anaalikwa amlilie mke aliyedhaniwa mweusi, na aliye mweusi kweli anabaki nyuma ya pazia na watoto wake. Kate O'Flaherty alilelewa katika nyumba yenye watumwa. Wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe aling'oa bendera ya Muungano iliyofungwa barazani kwao. Na mwaka 1874 mumewe alikuwa katika jeshi la White League lililopigana mitaani New Orleans ili utawala urudi kwa weupe peke yao. Jicho lake lililoona chini kabisa ya moyo wa Louise lilikuwa na mahali lilipokomea.

Na hata sheria zilizosifiwa zilikuwa na sehemu hiyo. Jimbo lililotangulia kutunga sheria pana ya kulinda mali za mke lilikuwa Mississippi, mwaka 1839. Miaka miwili kabla, mahakama ya huko iliamua kesi ya Betsy Allen, mwanamke wa Kichickasaw aliyeolewa na Mzungu: kwa desturi za watu wake mali ya mke ni ya mke, hivyo mdai wa mumewe hawezi kuichukua. Mali yenyewe ilikuwa mtu, mtumwa aitwaye Toney. Sheria ya 1839 nayo, karibu vifungu vyake vyote vilihusu watumwa. Mwanamke alipata haki ya kumiliki, na alichokimiliki ni binadamu mwenzake. Pamba iliyochumwa hivyo ilisafirishwa hadi viwanda vya Massachusetts, ambako wasichana wa Lowell waliifuma kwa saa nyingi na usiku wakaandika hadithi zao katika jarida la The Lowell Offering, lililotoka kuanzia 1840 hadi 1845. Wafanyabiashara wa Salem walileta vitambaa vya viwanda vya jimbo hilo hadi Unguja, na watu wa mwambao wakavivaa kwa jina la merikani.

Frances Ellen Watkins Harper hakuwa na subira ya kinaya. Alizaliwa Baltimore mwaka 1825, mweusi na huru. Hadithi yake "The Two Offers", ya mwaka 1859, huhesabiwa kuwa hadithi fupi ya kwanza kuchapishwa na mwanamke mweusi wa Marekani. Laura ana wachumba wawili na hajui amchague yupi. Binamu yake, Janette, anamuuliza kwa nini asiwakatae wote. Laura anaolewa, anatelekezwa, anakufa akimngoja mume. Janette anabaki bila mume, anaandika na kupigana na utumwa, na anazeeka na heshima yake. Kisanaa hadithi ina mapungufu: mwandishi anasimama katikati na kuhubiri. Zamani mahubiri hayo yalinichosha. Siku hizi naona kwamba kinaya kinamtaka mwandishi awe na msomaji wa kukonyezana naye, na Harper mwaka 1859 alikuwa na ya kusema kwa sauti.

Mwaka uliofuata aliolewa na Fenton Harper, mjane mwenye watoto watatu. Kwa akiba yake ya vitabu na hotuba walipata shamba karibu na Columbus, Ohio, naye akawa akitengeneza siagi ya kuuza sokoni. Mwaka 1864 mume akafa ghafla, na madeni juu. Tarehe 10 Mei 1866, katika mkutano wa haki za wanawake mjini New York, Harper aliusimulia ujane wake. Miezi mitatu haijatimia tangu mazishi, msimamizi wa mirathi alikuwa amefagia kila kitu hadi vyungu vya maziwa na beseni za kufulia. Vyungu vile ndivyo vilivyokuwa riziki yake. Kitu kimoja walimwachia, kioo cha kujitazamia, na ukumbi ulipaswa kujionea wenyewe kama kioo kinakamua siagi. Angekufa yeye, alisema, mumewe huenda angekuwa amekwisha kupata mke mwingine, na hakuna msimamizi ambaye angeingia nyumbani kwake na kumuuzia kitanda.

Nikimsoma Harper, saa ile ya Louise dirishani inabadilika sura. Ujane unaweza kuwa mlango kwa mwanamke mwenye nyumba ya ghorofa na dada wa kumtunza. Chopin mwenyewe, pamoja na madeni yake yote, alikuwa na nyumba ya mama ya kurudia. Kwa mke wa mkulima mwenye watoto wa kulea, mume kutokuwepo kulimaanisha watu wa madeni uwanjani, na mali iliyonunuliwa kwa jasho la mke ikihesabiwa kuwa ya marehemu. Mwenye kalamu tulivu anaweza kukiandika kinaya cha kwanza. Cha pili Harper alikisema kwa mdomo, mbele ya watu, na hakumaliza hapo. Aliwaambia wanawake weupe waliomsikiliza kwamba wao wanazungumzia haki na yeye anazungumzia dhuluma. Akawapa mfano wa magari ya abiria ya Philadelphia, ambako kondakta angesimamisha gari kuliko kumruhusu apande, na kuwaeleza kwamba haamini kura itawageuza wote malaika.

Mkutano ule uliunda chama, American Equal Rights Association, kwa ajili ya haki sawa za watu wote. Mwaka 1869 kilivunjika kwa ugomvi wa nani apate kura kwanza, mwanamume mweusi au mwanamke mweupe. Swali lilivyoulizwa halikuwa na nafasi ya mwanamke mweusi, na waliokuwapo ukumbini walilazimika kuchagua upande. Harper aliyaunga mkono Marekebisho ya 15, ya kumpa kura mwanamume mweusi, akijua kwamba hayamtaji.